Nilimwigiza Mume wa Rafiki Yangu Msibani

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike kuazima. Nakurudishia kwa kifupi, ingawa kila nikikisimulia kisa hiki naona aibu mpya.

Naitwa Sikuzani, fundi cherehani wa Cheyo, hapa Tabora. Miaka tisa iliyopita mume wangu Mussa alinipa talaka, nikatoka kwake na begi moja na cherehani kichwani. Aliyenipokea ni Recheli, mama Flavia. Alisogeza cherehani yake pembeni, akaniambia, “Weka yako hapa, baraza hili ni pana.” Tangu siku hiyo tukawa tunashona bega kwa bega.

Na mimi nikamlipa kwa kulala na mume wake.

Mnakumbuka ilivyoanza. Recheli alikwenda Usinge kumuuguza mama yake mzazi, bibi ambaye kumbukumbu zilimtoka mpaka akawa anamwita mwanawe shangazi. Aliondoka akaniambia, “Mpikie mzee wangu, asije akafa na njaa.” Alikaa huko miezi mitano. Wiki tatu za mwanzo nilimpikia mumewe, Elieza, kama shemeji. Yaliyofuata mmeshayasoma, na jumbe zenu za matusi nimezisoma pia. Sina ubishi.

Bibi alipozikwa, Recheli akarudi, na mimi na Elieza tukaacha kimya kimya. Hakuna aliyeshtuka. Nikajiambia limepita. Miaka miwili baadaye, mwezi wa tano mwaka huu, Elieza alianguka sokoni kwa presha, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana.

Leo nasimulia msiba.

Kwanza mjue jambo moja. Mimi ni Mzaramo. Baba yangu alikuja Tabora na kazi ya reli akitokea Kisarawe, akaoa hapa, akazeeka hapa. Lakini kwa Wanyamwezi, kabila la Elieza, hata uzaliwe Tabora na uzikwe Tabora, ukiwa Mzaramo wewe ni mtani. Ni mambo ya tangu misafara, babu zao walipokuwa wakipita kwetu na pembe vichwani kwenda Bagamoyo. Kwenye msiba wao mimi naweza kulala juu ya mkeka wa mfiwa, kumwaga mboga, kumtukana marehemu, na mtu asinune.

Tena nina kipaji. Nikimwona mtu mara mbili, natembea kama yeye. Misiba yote ya Cheyo wananiita mimi.

Huu sikutaka kuitwa.

Tulimzika Elieza kwao, Sikonge, mchana wa jua kali. Mazishi yalipokwisha nikakimbilia jikoni kwa akina mama, nikajipa kazi ya kuosha sufuria. Nilikuwa namlilia mtu ambaye sikuwa na haki ya kumlilia, na moshi wa kuni ulinisaidia kuficha.

Dada yake mkubwa, Ng'washi, akanifuata hukohuko. Mwanamke mrefu, sauti kavu, hana masihara hata anapotania.

“Mzaramo, mbona umejificha?”

“Shikamoo dada. Najisikia vibaya.”

“Marahaba. Nani kakuuliza unajisikiaje? Wafiwa ni sisi. Wewe kazi yako unaijua.”

“Dada, leo mwachieni mtu mwingine.”

“Mwingine nani? Watu wamelia tangu juzi, wifi yangu hajala kitu. Toka hapo.”

Akanitupia koti la Elieza. Likafuatia kofia, kisha viatu vyake vyeusi, soksi zikiwa bado ndani.

“Vaa,” alisema. “Ukiwa ndani ya koti hili husemi wewe, anasema Elieza. Hakuna wa kukukamata kwa neno. Ukilivua unarudi kuwa Sikuzani.”

Koti lile lilinuka moshi wa mizinga na asali. Elieza alikuwa mnunuzi wa asali, alikuwa akiingia porini wiki nzima kuifuata kwa warinaji. Nililijua koti lile kuliko Ng'washi alivyodhani. Nimewahi kulitundika kwenye msumari mwenyewe.

Nilipotokea uwanjani, watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Recheli alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali.

“Fanya, mtani,” akasema. “Nicheke kidogo.”

Yeye ndiye aliyeniomba. Mungu ni shahidi.

Nikaanza na Elieza anavyonunua asali. Alikuwa anachovya kidole, anafumba macho, anatafuna kama anakula nyama, halafu anamwambia mrinaji, “Ndugu yangu, nyuki wako walikuwa na haraka.” Uwanja ukacheka. Nikaenda kwenye Elieza anavyoimba sauti ya nne kanisani, nyuma ya wenzake kwa neno zima. Hata mchungaji alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakawa yanamtikisika.

Na Recheli alicheka. Nilimsikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kifo, na moyo wangu ukafurahi kijinga. Nikajisahau.

“Akirudi safari je?” Ng'washi akapaza sauti. “Tuonyeshe akirudi safari.”

Nikatembea kwa kuchechemea, nikafika kwenye kizingiti cha nyumba, nikavua viatu. Watu wakacheka, maana alikuwa anaviweka sambamba kama anavipima kwa rula. Nikaketi kwenye benchi lililokuwa hapo mlangoni. Nikavua soksi ya kulia. Nikaushika mguu kwa mikono miwili, nikausugua unyayo kwa kidole gumba.

“Pole, Hilari,” nikauambia mguu. “Umenibeba tangu Ipole.”

Nikavua ya kushoto.

“Na wewe Masolwa, mvivu wewe, pole. Kesho unatangulia wewe.”

Uwanja ulilipuka. Ng'washi alishika nguzo ya banda kwa kicheko. “Hilari na Masolwa,” alikuwa akisema huku anajifuta macho. “Jamani, wale wapagazi wa babu.”

Kumbe ukoo wote uliwajua Hilari na Masolwa. Walikuwa wapagazi wawili waliokwenda pwani na babu yao mkuu, na hadithi zao walizisikia utotoni. Ila hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Elieza aliiita miguu yake kwa majina hayo.

Nikamtazama Recheli.

Hakuwa anacheka tena. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia miguu yangu, ile mikono yangu ilivyoishika, na kanga ilikuwa imemteremka begani bila yeye kuijali.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Elieza alikuwa mtu wa aibu. Viatu alivivua mlangoni kimya kama kila mtu. Soksi alizivulia chumbani, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mlango umefungwa. Maneno yale aliyasikia mwanamke aliyekuwa naye chumbani tu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Akimaliza kuisemesha miguu, alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa kiganja, mara mbili, anasema, “Mzigo umefika.” Ndipo analala. Nashukuru hilo sikulifikia. Kiganja changu kilikuwa kimeshainuka, nikakitumia kujikunia shingo.

Niliomba radhi, nikasema tumbo limenichafuka. Watu wakadhani nao ni utani. Walicheka mpaka nilipoingia chooni.

Recheli alikaa Sikonge wiki moja, kisha akarudi Cheyo. Alfajiri ya Jumatatu nilifagia baraza, nikaipangusa cherehani yake, nikaipaka mafuta. Nilijiambia akiniuliza nitasema kweli, nitaanguka miguuni pake, liwalo na liwe.

Alifika, akasalimia, akaketi. Tulishona mpaka saa nne.

Kisha akatoa simu. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa amenirekodi siku ile na kuitupa kwenye kundi lao la wasap. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye simu ya Recheli, ndogo, ya kukwaruza. Pole, Hilari. Akairudisha nyuma. Pole, Hilari. Akairudisha tena.

“Sikuzani,” akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo. Huwa ananiita Mzaramo, au mtani.

“Abee, mama Flavia.”

“Nani alikuambia habari za Hilari na Masolwa?”

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningeweza kupita.

“Si wewe mwenyewe?” nikasema.

“Mimi?”

“Wewe. Tulikuwa tunashona zile sare za shule, mwaka juzi. Ulinisimulia anavyovua soksi. Tulicheka mpaka ukajichoma sindano.”

Sikupanga kuisema sindano. Mwongo hajui kuishia. Recheli aliinua mkono wake wa kushoto, akakitazama kidole cha shahada, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga akitafuta kovu.

“Sikumbuki,” akasema.

“Ulikuwa umechoka siku hiyo.”

“Nilikusimulia mambo ya chumbani mwangu, halafu sikumbuki?”

“Mambo ya kawaida, mama Flavia. Wanawake tunasimuliana.”

Halafu machozi yakaanza kumtoka, akanishika mkono.

“Nisamehe mtani,” akasema. “Nilikuwa nimekuwazia jambo baya. Wiki nzima nimelala nalo. Jambo ambalo hata kulitamka naona haya. Nisamehe sana.”

Ninyi mnaonisoma, mimi nilimsamehe. Nilimpigapiga mgongoni nikasema yamekwisha. Mchana akaniletea viazi vitamu na maziwa mgando kwenye bakuli lake zuri la wageni, kama fidia ya kunidhania vibaya. Nikala. Nilikula vyote, na naviona mpaka leo.

Nilidhani hapo ndipo pa kupumulia. Kumbe ndipo nilipomwua.

Maana Recheli aliniamini, na kwa kuniamini akaacha kujiamini. Mama yake alianza hivyohivyo. Alianza kusahau aliyoyasema, mwisho akasahau mtoto aliyemzaa. Recheli alimlisha kwa mkono miezi mitano, anaujua ugonjwa ule kwa karibu. Sasa akawa anauchungulia kwake mwenyewe.

Alianza kuandika vipimo vya wateja mara mbili, kisha mara tatu. “Jana tulikula nini?” ananiuliza ghafla, cherehani ikiwa katikati ya pindo. Namjibu. Anaandika. Siku moja alikata mkono wa gauni la mke wa mwalimu ukawa mfupi kwa inchi nne, yeye aliyezoea kukata kitambaa huku anaongea na wateja wawili. Hakulia. Aliweka mkasi chini, akausukuma upande wangu wa meza.

“Ukate wewe,” akasema. “Mimi nisiguse tena.”

“Mama Flavia, kila fundi anakosea.”

“Mimi sijakosea tangu nianze kazi.”

“Una msiba. Msiba unachanganya.”

“Zile sare zilikuwa mwaka juzi. Mwaka juzi sikuwa na msiba.”

Nilikuwa nimeutengeneza ugonjwa wake kwa sentensi mbili na sindano moja, na sasa ulikuwa unatembea wenyewe.

Wiki ya nne Ng'washi akaja. Walizungumza ndani, nikaitwa. Uamuzi ulikuwa umeshapita: arobaini ikiisha, Recheli anahamia Sikonge, akae na wifi yake, awe na mtu wa kumwangalia.

“Flavia amekubali?” nikauliza. Flavia ndiye mtoto wao pekee, ni muuguzi Mwanza.

“Flavia ndiye aliyenipigia simu,” Ng'washi akasema. “Anasema mama anamuuliza swali moja mara tatu.”

“Anauliza kwa sababu ana wasiwasi, dada. Hana ugonjwa.”

“Wewe daktari?”

Recheli akaniangalia kwa upole. Upole wake ulinichoma kuliko kofi.

“Mtani, usibishane na wifi,” akasema. “Cherehani yangu nakuachia. Na baraza hili pia, mpaka siku utakayolichoka mwenyewe. Mimi huko nitalima karanga.”

Nikawa nimepata kila kitu. Mume nilishamchukua, sasa nachukua kazi na mahali. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikajipiga makofi mashavuni kama mtoto anayejiadhibu. Halafu nikarudi.

Nilimkuta anakunja nguo.

“Mama Flavia, hebu nisikilize. Huumwi. Kichwa chako kizima.”

Akaacha kukunja. Uso wake wote ukageuka kunisikiliza, jinsi mgonjwa anavyomsikiliza daktari.

“Basi niambie,” akasema polepole. “Nani alikuambia habari za Hilari na Masolwa?”

Swali lilelile, na mlango uleule.

“Ni wewe,” nikasema. “Ulinisimulia wewe.”

Akaanza kukunja tena.

“Lakini bado ninalo moja,” akasema. “Kuna neno la mwisho alilokuwa akilisema baada ya hapo. Hilo sijamwambia mtu, hata Flavia. Hilo nina hakika nalo. Nalishika hilo, mtani. Siku nikikuta na hilo nalo limenitoka bila kujua, nitajua kichwa kimekwisha kabisa.”

Nililijua neno lenyewe. Lilikuwa mdomoni mwangu alipokuwa akiyasema hayo.

Arobaini ilifanyika Cheyo, Jumamosi, saa nane mchana. Ibada ikaisha, watu wakala wali. Kirikuu kilikuwa kimeegeshwa mbele ya baraza, kitanda cha Recheli na magodoro vimeshafungwa kamba juu yake. Flavia alikuja na likizo ya siku tatu. Ng'washi akatoa sanduku la nguo za marehemu ili zigawiwe ndugu.

Koti lilikuwa juu kabisa.

“Kabla halijaenda kwa mtu,” Ng'washi akasema, “mtani alivae mara ya mwisho.”

“Dada, leo hapana.”

“Mfiwa ndiye anayetaka.”

Nikageuka. Recheli alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake, gauni jeusi, mikono mapajani. Alikuwa amekonda.

“Nifanyie yeye, mtani,” akasema. “Sijamsikia siku arobaini. Nifanyie za miguu. Huko ninakokwenda sijui nitakumbuka nini, acha niende naye.”

Flavia akainua simu kurekodi.

Nilivaa soksi na viatu vyake, kisha koti. Na nilipokuwa nalivaa, wazo likanijia. Nilidhani ni ujasiri. Nikasema moyoni, nitalifanya lote. Nitalisema na lile neno la mwisho. Recheli anajua kwa hakika kwamba hakumwambia mtu, hivyo akilisikia kwangu ataelewa. Ataelewa bila mimi kutamka. Kichwa chake kitapona hapohapo, na mimi atanifukuza, na itakuwa haki.

Sasa nauona woga wangu. Nilitaka kukiri huku nimevaa nguo za mtu mwingine.

Nikachechemea. Nikavua viatu, nikaviweka sambamba. Wakacheka. Nikaketi kwenye benchi, nikavua soksi.

“Pole, Hilari.”

Recheli alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu.

“Na wewe Masolwa, mvivu wewe. Kesho unatangulia wewe.”

Nikainua kiganja. Nikamtazama usoni. Nikapiga ubao wa benchi, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Mzigo umefika,” nikasema, na nikajilaza.

Wakacheka kuliko Sikonge. Mzee mmoja alikohoa mpaka akaletewa maji. Flavia alikuwa anacheka na kulia pamoja, simu inamtikisika mkononi. “Baba kabisa,” alisema. “Baba mtupu.”

Nilikuwa nimelala kwenye benchi, nimefumba macho, nangoja kofi. Nilisikia hatua zake zinakuja, nikasikia mchakacho wa gauni lake. Nikafumbua.

Recheli alikuwa amesimama juu yangu. Mkono ulikuwa mdomoni. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo.

“Hata hilo,” alisema kwa sauti ya chini. “Hata hilo nililisema.”

“Mama Flavia…”

“Asante mtani. Umenionyesha nilipofika.”

Akaniinamia, akanirekebisha kola ya koti kama alivyokuwa akimrekebishia mumewe Jumapili. Kisha akamgeukia Ng'washi.

“Wifi, nipeleke. Nilikuwa nabisha moyoni, sasa sibishi tena.”

Ng'washi akamshika kiwiko. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, aliyenibeba mimi na cherehani yangu, akaanza kutembea kuelekea kwenye kirikuu kwa hatua fupi, akichunguza pa kukanyaga, kama bibi aliyemzika Usinge. Flavia akazima simu, akakimbia kumfungulia mlango. Dereva akawasha gari.

“Kazi imekwisha, Mzaramo,” Ng'washi akaniambia bila kugeuka. “Vua koti la watu.”

Nikakumbuka maneno yake ya jikoni Sikonge. Ndani ya koti hili husemi wewe. Hakuna wa kukukamata kwa neno.

Nikasimama, miguu mitupu kwenye vumbi. Watu kama arobaini walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Mchungaji alikuwepo, wateja wetu wote walikuwepo, na mke wa mwalimu naye alikuwepo, amevaa gauni lenye mkono mfupi.

“Mama Flavia,” nikaita. “Usipande. Nisubiri nivue koti kwanza, kuna neno nataka niseme mimi.”

Watu wakacheka tena.

Nikafungua kifungo cha kwanza. Wakazidi kucheka, mmoja akapiga makofi. Nikafungua cha pili. Recheli alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Akausimamisha hapohapo, akageuza kichwa, akaniangalia mikono, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hacheki.